Mshale Juu, Tangi Tupu

Hivi wewe ungemwamini mtu anayevaa miwani ya jua gizani? Rafiki yangu Winfrida alimwamini shemeji yake Erasto, bingwa wa kila asichokijua, akanunua pikapu yake kuukuu. Ikazimika kwa kukosa mafuta huku geji ikionyesha tangi limejaa, na dagaa wote aliokuwa akiwapeleka sokoni wakaoza kwenye njia ya Ujiji.

"Wanawake hamjui kusoma geji," alisema Erasto.

Wakaenda kwa fundi Yakobo, mtaa wa Gungu. Umeme ulikatika, gereji ikawa giza tupu. Yakobo akachomoa kwenye tangi boya la kupimia mafuta, akamwambia Erasto akae ndani ya gari, amulike mshale wa geji kwa simu.

"Nimeshusha boya. Mshale?"

"Juu."

Yakobo akatoa betri ya gari kabisa. "Sasa?"

"Juu bado."

"Shemeji, kumbe nawe hujui kusoma!" Winfrida akacheka.

Ndipo ndani ya tangi tupu ikasikika injini ya boti. Mtu anavuta kamba, injini inakohoa, inazima. Anavuta tena. Kisha maji yakapiga mbao.

Erasto akashuka, miwani bado usoni.

"Nilinyonya petroli kwenye boti ya mvuvi Ismaili, nikaitia humu," akasema. "Yeye na wenzake wakaingia ziwani hivyohivyo, bila kujua. Hawakurudi."