Alizeti Kwenye Kona ya Skrini

Maiti ya Sandu Ghețea, mfanyakazi wa ghala, ilitolewa Jumatatu saa saba mchana, kupitia tundu lililokatwa kwa moto ubavuni mwa kihenge namba nne. Punje za mahindi zilikuwa zimejaa kinywani, masikioni na mifukoni. Redio yake ya mkononi ilikuwa bado inawaka.

Inspekta Anghel Murgoci alivua kofia.

"Amekosa hewa," daktari wa polisi alisema. "Alikuwa juu ya mahindi, anagongoa yaliyoganda ukutani. Parafujo ya chini, ile inayovuta nafaka nje, ikawashwa. Mahindi yakashuka naye. Dakika tatu, hazizidi."

"Nani aliiwasha?"

Corvin Stroescu, meneja wa ghala la Movila Seacă, alijibu kabla hajaulizwa.

"Hakuna mtu. Ni roboti."

"Nionyeshe."

Meneja alimpeleka ofisini. Palikuwa na meza, kompyuta kuukuu, na kiti kitupu.

"Roboti iko wapi?"

"Humo ndani. Ni programu inayosogeza kipanya badala ya mtu. Kila siku ya kazi saa nne asubuhi inafungua kihenge cha tano, ngano inashuka kwenye mabehewa. Mwezi mzima haijakosea."

"Leo imefungua cha nne."

"Kamuulize aliyeitengeneza."

Aliyeitengeneza alifika Jumanne asubuhi kwa treni ya Bucharest. Tudorel Bantaș, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alikaa mbele ya skrini saa nzima bila kuvua koti.

"Inspekta, roboti haikukosea," alisema mwishowe. "Imebonyeza palepale nilipoiambia."

"Eleza kama unamweleza mama yako."

"Programu za kawaida, kila kitufe kina jina. Roboti inaliuliza jina, kitufe kinaitika. Hii iliandikwa na mhandisi Pamfil miaka ishirini na minne iliyopita, naye alishafariki. Alichora kila kitu kwa mkono wake. Vitufe vyake havina majina, ni picha tu. Roboti inakwenda kama kipofu anayehesabu milango: mlango wa tano, gonga."

"Na mtu akiongeza mlango mwanzoni?"

Tudorel aligusa skrini. Juu ya orodha ya vihenge palikuwa na mstari mmoja zaidi, umeandikwa "Jaribio".

"Basi wa tano unakuwa ule wa nne. Mstari huu haukuwepo Alhamisi, picha ninazo. Kompyuta inasema umeongezwa Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana."

"Nani kauongeza?"

"Hata sijui unaongezwaje. Miezi mitatu nimelala na programu hii, sijaona kitufe cha kuongeza wala cha kufuta."

Alama za vidole hazikusaidia kitu. Kipanya kilijaa alama za mtu mmoja, Veturia Țigău, aliyekalia kiti kile kwa miaka yote ishirini na minne. Aliachishwa kazi mwezi uliopita, baada ya kukaa wiki mbili na Tudorel akimwonyesha roboti njia.

Zamani, wafanyakazi walieleza, hakuna aliyeingia kwenye kihenge bila kusema redioni, "Veta, naingia." Veta alikilaza kipanya chali juu ya meza, tumbo juu, na hakukigusa hadi asikie, "Nimetoka."

"Na sasa mnamwambia nani?" Murgoci aliuliza.

Mmoja wao aliizima redio yake.

Daftari la mlinzi wa lango lilionyesha kwamba Ijumaa Veta aliingia saa nane na dakika tano, akatoka saa nane na ishirini.

Murgoci alimkuta nyumbani akichemsha ngano, ile inayogawiwa watu kwa ajili ya roho ya marehemu. Karanga za jozi zilikuwa zimeshatwangwa.

"Pole, mama."

"Mungu amsamehe. Alikuwa jirani yangu. Usikalie hicho Inspekta, mguu umevunjika. Vuta kile."

"Ijumaa ulikwenda ofisini?"

"Nilifuata birika langu la kahawa. Siku hizi birika nalo ni kesi?"

"Uligusa kompyuta?"

"Niiguse ya nini? Ina mwenyewe. Hana mikono, lakini wanasema haumwi, haendi likizo, wala hadai kiti kipya."

"Jumatatu Sandu alikupigia simu?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria, kisha ukaendelea.

"Hapana."

Jumatano kampuni ya simu ilileta orodha. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi, Sandu Ghețea alipiga namba ya Veturia Țigău. Waliongea sekunde ishirini na sita.

Murgoci aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Alhamisi saa tatu asubuhi alirudi kwa Veta, akasimama mlangoni.

"Mama Veta, sikuja kukusumbua. Mabehewa yamekwama tangu Jumatatu. Ule mstari umewashinda. Yule bwana wa Bucharest ameutafutia dawa siku mbili, wapi."

Kabla hajamaliza, mama alikuwa amevua aproni.

Ofisini alikaa, akainuka, akakaa tena.

"Nani amekishusha kiti changu?"

"Mimi," Tudorel alisema. "Samahani, mama."

"Miguu mirefu yote hiyo na bado unashusha kiti. Sogea."

Kwenye kona ya juu ya skrini Pamfil alikuwa amechora alizeti ndogo. Veta alipeleka kipanya hapo, akabonyeza mara tatu. Ukurasa mpya ukafunguka. Akafuta mstari wa kwanza. Vihenge vikarudi kumi na viwili.

"Nilidhani ni pambo," Tudorel alinong'ona.

"Pamfil alimchorea mkewe. Alinionyesha mimi peke yangu. Wengine wangeichezea."

"Wewe peke yako?" Murgoci aliuliza.

"Mimi peke yangu."

Alilisema kwa fahari. Kisha akakisikia alichosema, na mkono wake ukakiacha kipanya.

Meneja hakuona kitu. Alishachukua redio ya mezani na kuwaambia watu warudi kazini. "Washa," alimwambia Tudorel. Tudorel akaiwasha roboti. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi na tano.

Murgoci aliweka ile karatasi mbele ya Veta.

"Sekunde ishirini na sita. Alisema nini?"

Veta aliisogeza karatasi kando.

"Alichosema miaka yote. 'Veta, naingia nne.' Nikamwambia, mimi nimefukuzwa, unanipigia ya nini? Akacheka. Akasema, 'Sasa nimwambie nani, kiti?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ingia."

"Ukijua mstari uko pale."

"Nikijua." Aliitazama alizeti. "Inspekta, nilitaka yale mahindi mabovu ya nne yachanganyike na ngano. Behewa moja tu. Waone kipofu wao anavyofanya kazi. Wanipigie, waseme, Mama Veta, rudi, tumeshindwa."

"Ulikuwa na dakika arobaini na tisa."

"Sandu humaliza kwa nusu saa. Nilihesabu hivyo. Ilipobaki robo nilishika simu mkononi."

"Kwa nini hukupiga?"

"Ningesema nini? Toka, nimetega? Wangejua ni mimi. Nisingerudishwa tena maisha." Alipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Nikasema yeye mwenyewe atapiga, aniambie ametoka. Nikangoja. Bado nilikuwa nangoja nilipokisikia king'ora cha zimamoto."

Meneja alipumua kwa nguvu. "Kwa hiyo roboti haina kosa. Liandike hilo, Inspekta."

"Nitaliandika. Na barua mbili za Tudorel nitaziandika, zile alizokuandikia akikuonya usiiwashe roboti bila mtu kwenye kiti."

"Mtu kwenye kiti ndiye tuliyekuwa tunamwondoa," meneja alisema. "Ningemwondoa vipi na kumbakiza?"

Murgoci alimfunga Veta pingu, taratibu, mikono ikiwa mbele. Alijua sheria ingemfanya nini mama huyu, na alijua faini ya meneja ingelipwa na kampuni.

Redio mezani ikakwaruza.

"Ofisini, tunaingia namba tano, kuna ngano imeganda. Kuna mtu?"

Saa nne kasoro dakika tatu. Tudorel alimtazama meneja. Meneja aliitazama skrini.

Veta aliinama. Kwa mikono yake ya pingu alikigeuza kipanya chali, ingawa alijua roboti haikihitaji, kisha akabonyeza redio.

"Msiingie," alisema. "Hakuna mtu."