Chafya Kule Kiptere

Rafiki yangu Chepkorir alikuwa ameenda Kiptere kupeleka maziwa tu, kwa mke wa shemeji yake aliyejifungua. Shemeji huyo, Kipkurui, mpagazi wa wapanda mlima, alikuwa amepotea Mlima Kenya siku ya tisa sasa, na bado walikuwa wakimtafuta. Wageni aliowabebea mizigo walishuka salama na picha zao za kileleni.

Chepkorir alikuta akina mama wamefunga madirisha. Ndani giza, moto ukiwaka taratibu. Walikuwa wakimwitia mtoto majina ya marehemu wa ukoo, mpaka apige chafya kwa jina la yule aliyerudi ndani yake. Majina kumi yalipita, kimya. Mvua ikadunda kwenye mabati.

"Huyu anaringa! Amekataa wazee wote," jirani mmoja akatania.

Kogo, nyanya wa mtoto, akanong'ona kwa uchovu, "Kipkurui."

"Kogo, hapana! Huyo yuko hai!" jirani yule akamkatiza.

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Chepkorir alimpokea mtoto, akamkuta amepoa mwili mzima, akamsogeza karibu na moto. Kope zake zilikuwa nyeupe, zimegandana. Alipozigusa, barafu ikayeyuka kidoleni mwake.