Shamira Atoa Mji wa Jinja

Kila Jumamosi, nikimaliza kufagia ua hapa Namakwekwe, jirani yangu Profesa Yekosofati huja na daftari lake la kijani. Amefundisha falsafa hapa Mbale miaka thelathini. Ni Mkristo wa kusali kila alfajiri, na ameandika vitabu viwili juu ya namna mtu anavyoweza kumjua Mungu na kuijua kweli. Siku hizi anakusanya vitendawili, maana anasema wazee wetu walikuwa na falsafa kabla ya kuwa na karatasi. Mimi niliyeishia darasa la sita, ananiita mwalimu wake.

Likizo iliyopita mjukuu wangu Shamira, ambaye huniita Jaja kama wajukuu wote wa huku wanavyowaita wazazi wa wazazi wao, alikuja kutoka Walukuba, Jinja. Jumamosi moja Profesa alipokwenda kunawa mikono, aliacha daftari wazi kwenye kigoda. Aliporudi akawaita watoto.

“Kitendawili.”

“Tega.”

“Ninacho, majirani mia wakichukua, hakipungui. Asiyejua atoe mji.”

“Maji ya mto,” akasema Madina, mtoto wa jirani.

“Kiangazi mto ulipopungua, ulikuwa wapi wewe?”

Watoto wakacheka. Shamira akasema, “Moto.”

“Ndiyo. Umefikaje hapo? Mimi nataka njia kuliko jibu.”

“Niliona watu wakija kuchukua kaa la moto kwa Jaja.”

Profesa akaandika neno kwa neno. “Jumatatu nitawasomea wanafunzi wangu, na jina lako nitalitaja.”

Mchana Shamira hakugusa chakula. “Jaja, nilichungulia daftari.”

“Mwenye daftari si mimi,” nikamwambia. Tukaenda wote.

“Profesa, jibu nililisoma kwako,” akasema akitazama chini. “Ile njia niliitunga. Sikujua.”

Profesa akaingia ndani. Kisha akaleta kitabu chake cha kwanza. Ndani alikuwa amebandika karatasi. “Hapa nimeandika kwamba nilikosea. Mwanafunzi wangu ndiye aliyenionyesha. Niliona aibu, lakini nitaitafutaje kweli ya Mungu huku naficha yangu?”

“Na asiyejua kitendawili hufanya nini?” nikauliza.

Shamira akatabasamu kidogo. “Chukua Jinja, Profesa.”

“Pamoja na daraja lake la Mto Nile?”

“Pamoja na daraja.”

Profesa akayakata maneno ya zamani daftarini, akaandika mapya: Shamira wa Walukuba alisema hakujua, akatoa mji. “Haya ndiyo nitakayosoma Jumatatu.”

Nikamwambia mjukuu wangu, “Jibu la kuiba hukaa mdomoni, halifiki kichwani. Anayesema sijui ndiye anayefundishika.”

Profesa akafungua tena kalamu. “Rudia polepole, mwalimu, niandike.”