Chumba cha Nne

Jeannine aliandika kurasa tatu. Programu ikatengeneza nne.

Alikuwa kijijini Sitalike, sebuleni kwa mama yake mdogo Vestina, akimtengenezea tovuti ya nyumba yake ya wageni. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza, lakini kazi haikuwa ngumu: unaandika mafaili ya maandishi, unatoa amri moja, programu inayageuza kuwa kurasa za tovuti. Vyumba vitatu, mafaili matatu.

"Mama mdogo, una chumba kingine?"

"Labda choo." Vestina alitema mate kwenye kopo. Tangu asubuhi mdomo wake ulikuwa na ladha ya tope.

Jeannine aliusoma ukurasa wa nne kwa sauti. "Chumba chenye joto na unyevu. Sakafu laini. Mlango una meno kumi na tisa."

Vestina aliingiza kidole mdomoni, akahesabu.

"Kumi na tisa," alinong'ona. "Mengine waliyang'oa hospitalini Mpanda."

Jeannine aliufuta ukurasa, akatoa amri upya. Ukarudi na mstari mpya: *Mgeni ameshaingia.* Harufu ya dimbwi la viboko wakati wa kiangazi ilipanda kutoka kwenye vitufe.

"Ulianza kwa kuandika nini?" Vestina aliuliza.

"Programu ilikuja na ukurasa wa mfano, umeandikwa 'Hodi' tu. Nikajibu, 'Karibu, vyumba vipo.'"

"Bila kuuliza nani?"

"Ni kompyuta, mama."

"Mtu asiye na jina unamkaribisha kwangu!"

Vestina hakupata kuendelea. Shingo yake ilivimba, na kilichovimba kikashuka, kikapanda, kikashuka tena kama mtu anayejigeuza kitandani, huku tope la kijani likimtoka puani na kudondoka kwenye khanga, na Jeannine, akiwa amejiziba pua kwa mkono mmoja, akalitafuta neno "Karibu", akalifuta, akaandika "Hakuna nafasi" na kubonyeza.

Vestina alitapika. Lilitoka tope, zikatoka nywele, kisha kipande cha nyama chenye utelezi ambacho kilijikunja sakafuni na kuteleza chini ya meza, kwenye miguu ya Jeannine.

"Kimetoka," Vestina alisema, akihema. "Mwanangu, kimetoka."

Kwenye skrini kurasa zilikuwa bado nne. Jeannine aliufungua wa mwisho.

*Mlango una meno thelathini na mawili.*

Alifunga mdomo. Kitu kikayasukuma meno yake kwa ndani.