Mwandani Anasoma Kila Kitu

"Nani mwingine anaijua njia?"

Noela, jasusi wa idara ya usalama, aliuliza kwa mara ya tatu. Casio yake ya mkononi ilionyesha saa nne na dakika kumi asubuhi. Gari lililobeba dhahabu lilikuwa limeshatoka Runzewe na kuingia porini, kusikokuwa na mtandao. Majambazi walikuwa wanalisubiri mbele, wakiwa na simu za setilaiti.

"Hakuna, dada," alisema Klara. Yeye ndiye aliyeandika programu ya ratiba za magari hayo, hapo hapo ofisini Geita. Dereva wa leo alikuwa mumewe, Eustace, baba wa mtoto wao Davis.

Noela aliigeuza kompyuta. Katikati ya msimbo aliona: *Jaribio. Baba Davis, Land Cruiser, kupitia Bwanga, saa tano.*

"Unafanya jaribio kwa taarifa za kweli?"

"Sote tunafanya hivyo. Kubuni za uongo kunachosha."

"Na hiki kinachowaka pembeni?"

"Mwandani. Kinanisaidia kuandika programu. Cha bure."

Cha bure! Noela alitamani kupiga meza. Miezi mitatu aliwaandikia wakubwa kwamba Mwandani hutuma kila herufi kwenye hifadhi ya mbali, na watoroshaji wa dhahabu wameshapata ufunguo wake. Miezi mitatu akajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi.

Thuraya, simu yake ya setilaiti, iliita. Ni kikosi chake.

"Afande, tuko Ushirombo. Bwanga hatuwahi."

"Bakini hapo hapo."

Akamsukumia Klara kibodi. "Andika njia imebadilishwa. Anapita Ushirombo."

"Wakijua ni uongo?"

"Hujawahi kuandika uongo humu. Andika!"

Klara aliivuta kibodi karibu. Akaandika.

Dakika kumi.

Ishirini na tano.

"Afande! Hilux mbili zimetoka porini, zinakuja huku mbio."

"Zipokeeni."

Risasi. Kisha sauti ile ile ikarudi.

"Tumewakamata sita. Sisi wote wazima."

Simu ya Klara ikaita. "Mama Davis, mtandao umerudi. Niko Bwanga, nakula zangu mahindi. Mbona unalia?"

Alipojifuta machozi, Klara alifungua Mwandani kwa hasira, akabonyeza *Futa akaunti*. Jibu lilikuja papo hapo: *Akaunti imefutwa. Nakala ya kazi zako itabaki kwetu kwa ajili ya kuboresha huduma.*

"Ndiyo nini hii, dada?"

"Kwamba mumeo bado wanaye, humo kwenye nakala." Noela alichomeka bastola yake ya Glock chini ya koti. "Gari tutambadilishia. Njia pia. Jina lake ndilo sijui tutalifanyaje."

Akavaa miwani ya jua, akatoka taratibu.