Kiti cha Pembeni Kina Mtu

Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umefungwa, na kitini hapakuwa na mtu.

Kitinda aliliona hilo mara tu mlango ulipofunguliwa, ila siku ile macho yake yalikuwa na kazi nyingine. Mbele yake lilikuwa gari la spoti, milango miwili, rangi ya damu ya mzee, limelala chini kama mnyama anayetaka kuruka. Yeye alikuwa msichana wa kusaga lenzi kwenye duka la miwani, leseni yake bado mpya inanukia plastiki, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametajiwa bei ya gari la aina ile bila kucheka wala kulia.

Muuzaji alikuwa mteja wa dukani. Alikuja kutengenezewa miwani iliyovunjika, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, na alipokuwa akisubiri akasema ana gari anataka kuliondoa nyumbani. Hakusema kuliuza. Alisema kuliondoa.

"Mbona umefunga mkanda na hakuna mtu?" Kitinda alimuuliza.

"Ukiufungua linalia." Alimpa funguo kwa mkono ulionyooshwa mbali, kama anayemlisha mbwa asiyemjua. "Liache hivyo hivyo, dada. Na ukiweza, endesha peke yako."

"Peke yangu mpaka lini?"

Yule bwana alikuwa ameshageuka, anaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeachia mzigo mzito na hataki kuitwa arudi aubebe.

Nyumbani, Mama alilitazama lile gari kuanzia taa mpaka bomba la moshi, kisha akafunga khanga yake upya. "Hili gari la wahuni," alisema. "Mtu mzima anaingia humo kwa kutambaa?"

Lakini Baba alikuwa ameshazunguka upande wa pili. Baba alikuwa amefundisha udereva maisha yake yote. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, na wote walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu hata kwenye gari lisilo na breki ya mwalimu, akikaa kiti cha pembeni mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu. Neno lake lilikuwa moja tu: taratibu. Kitinda alijifunza udereva kwa neno hilo likiimbwa sikioni mwake mpaka akaliota.

"Sogea nikae mahali pangu," Baba alisema, akafungua ule mkanda.

Gari likalia. Mlio mwembamba, wa haraka haraka, ule wa kuonya kwamba aliyekaa hajafunga mkanda.

"Limehisi uzito," Baba alisema. "Uzito gani sasa, na mimi niko nje?" Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti, akavuta waya mpaka ukachomoka. Mlio haukukoma. Akaushika ule waya mbele ya macho yake, akautazama, halafu akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kushindwa na mashine. "Haya, tuone." Akaingia, akakaa, akajifunga mkanda. Kimya.

"Umeona? Lilikuwa linanitaka mimi tu." Kisha akajipapasa makalio. "Kitinda, nani alikuwa amekaa hapa? Kiti kina moto."

"Hakuna mtu, Baba."

"Na hii harufu je?"

Kitinda akanusa. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua.

Wiki ile ya kwanza ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja. Gari lilimtii Kitinda kama lililolelewa naye. Akiligusa tu, linakwenda. Akienda kazini peke yake alifunga ule mkanda mtupu, akaongeza sauti ya redio, akajiambia kwamba gari lolote la zamani lina vituko vyake. Lakini asubuhi, alipotoka uani na ndoo ya kuliosha, alikuta boneti ina joto, na yeye alikuwa ameliegesha tangu jioni. Na kwenye kioo cha upande wa abiria, kwa ndani, kulikuwa na ukungu wa duara, mdogo kama sahani ya kikombe, ambao ulikuwa ukipanuka, ukisinyaa, ukipanuka tena. Alisimama pale, ndoo mkononi, mpaka akaelewa kwamba anatazama pumzi.

Alikimbia ndani. Aliporudi na Mama, kioo kilikuwa kikavu.

"Nilisema mimi," Mama alinong'ona. "Nilisema."

Halafu Baba akaanza kubadilika. Kwanza aliacha kula mezani. Kisha ikawa kila alfajiri Mama akiamka anapapasa upande wa pili wa kitanda na kukuta shuka baridi. Akitoka, anamkuta mumewe ndani ya gari, kiti cha pembeni, vioo vimepandishwa, mkanda umefungwa, macho mbele, kama abiria anayemngoja dereva aliyechelewa.

"Baba Kitinda, unafanya nini humo?"

"Tunasubiri," alimjibu.

"Mnasubiri? Wewe na nani?"

Aliendelea kutazama mbele. Mama aliliweka jambo lile moyoni hadi Kitinda alipojiandaa kwenda kazini, ndipo akamvuta jikoni na kumsimulia kwa sauti ya chini kabisa, huku akitupia jicho dirishani. "Liuze. Litupe. Mpe hata adui yako. Mimi simtambui tena baba yako."

"Mama, nimelipata juzi tu!"

"Na baba yako nilimpata lini?"

Kitinda alichukua funguo mezani. Akaahidi kulifikiria, akapanda gari, akaenda kazini.

Mchana huo mvua ilinyesha ya kumwaga. Alipotoka dukani alimkuta Baba ameshaketi kiti cha pembeni, na funguo zilikuwa mfukoni mwa Kitinda. Hakumuuliza ameingiaje. Aliwasha gari kwa sababu mvua ilikuwa inampiga na watu walikuwa wanamtazama, akaingia barabara kubwa ielekeayo darajani, kule ambako mafundi walikuwa wamebomoa upande mmoja na kuziba kwa mapipa.

"Kanyaga," Baba alisema.

Kitinda alidhani amesikia vibaya. "Unasemaje, Baba?"

"Kanyaga mafuta."

Haikuwa sauti ya Baba. Ilitoka kinywani mwake, kwa meno yake yale yale, lakini ilikuwa sauti kavu, ya chini, kama chuma kinachoburutwa kwenye lami, na ilipotoka harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ndani ya gari mpaka Kitinda akahisi inamwingia kooni. Alijaribu kuinua mguu wake. Mguu ukakataa. Kitu kizito, chenye joto, kilikuwa juu ya kiatu chake kikiukandamiza, na yeye akitazama chini haoni kitu, akitazama mbele anaona mapipa yanakuja, mvua inapasuliwa na kioo, wafanyakazi wanaruka kando wakipunga mikono, na pembeni yake mtu aliyemfundisha kushika usukani amekenua meno akirudia neno lile lile, kanyaga, kanyaga, kanyaga, bila kuvuta pumzi, na nyuma ya mapipa hakuna barabara, kuna mto tu, mwekundu, umefura.

"Baba!" alipiga kelele. "Baba, nisaidie!"

Macho ya mzee yakacheza. Kwa nukta moja yakawa macho yake mwenyewe, yamejaa hofu na machozi, na mkono wake ukanyanyuka kama unavutwa na kamba kutoka pande mbili. Ukashika breki ya mkono. Ukaivuta kwa nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo.

Gari lilizunguka, likapiga pipa, likaingia kwenye lundo la mchanga wa ujenzi na kuzimika.

Kitinda alijikuta nje, kwenye matope, hajui ametokaje. Alikimbilia upande wa pili, akafungua mlango, akabonyeza kitufe cha mkanda. Haukufunguka. Wafanyakazi wawili wakaja na kisu, wakakata, kisu kikapinda. Mkanda ulikuwa umepanda kifuani mwa mzee na sasa uko chini ya shingo.

"Mzee huyu ananiudhi," ile sauti ilisema, polepole, macho ya mzee yakimtazama Kitinda. "Nitamtoa pumzi, kisha tutaendelea na safari."

Wale wafanyakazi hawakungoja kuambiwa mara ya pili; walikimbia.

Kitinda alimpigia simu Mama. Mama hakuuliza maswali. Alifika kwa pikipiki, amemkumbatia mtabibu aliyeketi katikati yake na dereva. Mtabibu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi nyuma ya duka la magodoro, mwenye mafua makali siku hiyo, mwavuli mkono mmoja na kitezo cha makaa mkono mwingine. Alipiga chafya, akatia ubani kwenye makaa, akachuchumaa kwenye matope karibu na mlango.

"Wewe uliyekaa humo. Shuka."

"Nimepanda," sauti ilijibu. "Sishuki mpaka dereva anifikishe."

"Akufikishe wapi?"

"Walikofika wengine."

Mama akajifunika uso kwa khanga. Mtabibu alipuliza moshi ndani ya gari, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini, haraka, bila kituo. Kichwa cha Baba kikarushwa huku na huku. Ile sauti ikacheka.

"Soma mpaka koo likukauke. Mimi sikuja kwa kuiba. Nimepewa. Alichukua funguo kwa mkono wake, na ananipenda. Muulize."

Mtabibu akamgeukia Kitinda. "Binti, hapa siwezi peke yangu. Sema kwa mdomo wako kwamba hulitaki gari hili. Lakini liwe neno la moyoni. Ukidanganya, litajua."

Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Baba yake alikuwa anakufa. Na bado Kitinda alipofungua kinywa, macho yake yaliteleza kwenye usukani, kwenye ile rangi iliyong'aa hata chini ya matope, na viganja vyake vikakumbuka jinsi gari lile lilivyomtii, yeye ambaye tangu azaliwe alikuwa wa mwisho kupewa kila kitu. Ilikuwa muda wa kupepesa jicho tu. Mkanda ukabana. Uso wa Baba ukawa wa samawati, ulimi ukatoka.

"Umeona?" sauti ilinong'ona kwa upole wa kutisha. "Ananipenda."

"Silitaki!" Kitinda alilia. Alizichomoa funguo, akazitupa mtoni kwa nguvu zake zote. "Silitaki, sikutaki wewe, sitaki kukuona, niachie baba yangu, niachie!"

Mkanda ulifyatuka kwa mlio kama wa kofi. Baba akaanguka nje, kwenye mapaja ya Mama, akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Shingoni alikuwa na alama nyekundu, pana, ambayo ilikuja kuwa kovu.

Mtabibu alipangusa pua. "Limeshuka kutoka kwa mzee," alisema. "Garini halijatoka. Gari likatwe vipande. Msiuze hata nati moja. Na binti asimame hapo mpaka kipande cha mwisho."

Walilivuta mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kitinda alimweleza kila kitu, naye akaitikia kwa heshima zote, akavaa miwani yake ya kuchomelea, akawasha moto wa gesi. Cheche za kwanza ziliruka. Ndipo Mama akapiga simu: Baba anatapika, njoo haraka. Kitinda akatazama ule moto wa bluu ukigusa chuma, akajiambia inatosha, akaenda.

Baba alipona, ila sauti yake ilibaki ya kukwaruza na hakukubali tena kuingia kwenye gari lolote. Anakaa barazani, anapanda maua kwenye makopo. Kitinda naye anatembea kwa miguu kwenda kazini.

Mwezi ulikuwa bado haujaisha alipopita pale kwa yule mnunuzi wa vyuma, akaona mahali lilipokuwa gari pako tupu. Alimuuliza vipande viko wapi. Yule bwana akajikuna kisogo.

"Dada yangu, tusidanganyane. Gari zuri vile, nani angelikata? Nilikwaruza kidogo tu uondoke na amani. Kuna kijana kaja jana, kalipenda mwenyewe. Nikambadilishia kufuli."

Kitinda hakumtukana. Alimwomba namba ya huyo kijana, akaipiga. Akapokea mwanamke, mchangamfu, na Kitinda akamuuliza kuhusu lile gari.

"Umechelewa, mwanangu. Simu kaniachia mimi, ametoka kulijaribu na baba yake."

"Mama, tafadhali, nisikilize. Mwambie baba yake ashuke. Sasa hivi. Ashuke!"

"Eh! Wivu huo sasa." Mwanamke alicheka. "Hao hapo wanarudi, nawasikia. Sikiliza na wewe."

Kitinda akasikiliza. Mlio wa injini ulikuja kutoka mbali, mlio ambao angeutambua hata usingizini, ukakaribia, ukafika mlangoni kwa yule mama, ukapita bila kupunguza, ukazidi kupanda.

Yule mama akaacha kucheka. "Mbona hawasimami?" alisema.