Maneno Chini ya Alama

Siku ya soko pale Sake, pikipiki za Masisi, malori ya Minova na wamama wenye beseni za samaki wadogo wa sambaza wote hutaka kupita mahali pamoja, na hakuna anayempisha mwenzake. Katikati ya vurumai hiyo alisimama Astrid, kikwembe chake cha kijani chenye miduara ya njano kimefungwa barabara kiunoni, nywele zimesukwa kwenda nyuma, simu mkononi. Alikuwa anatafuta mtu asiyemfahamu. Kazi yake ilidai hivyo. Yeye ndiye huamua kwenye programu za simu kitufe kikae wapi, kiwe rangi gani, kiandikwe nini, na kila alichokichora alikipeleka sokoni, akampa mpita njia, kisha akamtazama.

Siku hiyo jicho lake lilimwangukia kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na buti zilizojaa matope, ameegemea mlango wa depo ya mizigo.

"Kaka, samahani. Chukua hii simu, tuma koli moja Walikale."

"Koli ya nani? Sioni muzigo yoyote."

"Ya uongo. Weye tuma tu."

Kijana akapokea simu, akafinya hapa, akarudi, akafinya pale, akapotea.

"Sasa nafinya wapi?"

Astrid alikunja mikono kifuani, akanyamaza.

"Dada, nakuuliza."

Jasho lilimtoka kijana wa watu, motari wawili waliokuwa wanangoja abiria kwenye pikipiki zao wakaanza kumcheka, na alipofika mwisho kioo kikaandika kwa herufi kubwa kwamba koli imeondoka. Akashusha pumzi.

"Weye uko na roho ngumu. Umeniona napotea, ukanyamaza."

"Nikikusaidia, sitajua kama ungeweza. Umekwama kwa kitufe ya pili. Kosa si yako, ni yangu. Nitaitengeneza."

"Basi nipe namba yako. Ukishatengeneza, nataka nipotee tena."

Jina lake Archange Katembo, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Butembo, na depo aliyoiegemea ilikuwa ya kwao. Ndio hao hao ambao Astrid alikuwa anataka kuwauzia ile programu. Alipogundua hilo alicheka mpaka akashika mlango, na Archange akamtazama akicheka, akasahau lori lililokuwa linamngoja.

Simu zikaanza. Asubuhi Archange alipiga kuuliza kama jua limetoka Goma, alikoishi Astrid. Mchana alipiga kusema hana la kusema. Jumapili moja wakapanda vilima vya Burungu kununua jibini ya kupeleka kwa wazazi wa Astrid, Masisi, wakakaa kwenye majani juu ya malisho, na hapo Archange akatoa simu.

"Sheri yangu, angalia. Binamu yangu wa Kampala njo ametengeneza application ingine kwa ajili yetu. Anasema hii njo mode ya sasa."

Kila kitu kwenye kioo kilionekana kama kimewekwa nyuma ya barafu. Vibao vilikuwa vinapenyeza mwanga, herufi nyembamba za kijivu zimelala juu ya weupe, na chini kabisa alama tano bila neno hata moja. Astrid akaiinua simu juani.

"Soma."

"Siko naona muzuri. Jua iko kali."

"Na wateja wako banakaa wapi, kwa jua ao ndani ya frigo?"

Archange alicheka, lakini Astrid alikuwa ameshaanza, na Astrid akianza hana simile. Alisema mtindo huu wa kuficha kila kitu nyuma ya vistari vitatu ni uvivu uliovaa suti. Kitufe kionekane kuwa kinafinywa, mtu asipapase kioo kizima kama anatafuta mlango gizani. Nyekundu iachiwe hatari, isimwagwe kila mahali kwa urembo. Picha za kuchezacheza zinakula mega za intaneti za mtu aliyezinunua ili amsalimie mama yake. Na alama zisizo na maandishi, hizo alizichukia kuliko vyote. Kijisanduku kile kilikuwa duka, koli, au kabati?

"Chini ya kila alama, weka neno. Muntu asibahatishe."

"Lakini iko muzuri," Archange akamchokoza.

"Na kikwembe yangu iko mubaya?"

"Ile inaniua."

"Iko na rangi inapiga kelele, lakini kila rangi inajua nafasi yake. Uzuri njo huo. Uzuri haukatazi kitu kisomeke."

"Na weye, nitakusoma aje?"

"Mi niko wazi. Uliza tu."

Archange akambusu pale pale, ng'ombe wakitafuna. Astrid hakuwa mtu wa kujidanganya. Alimpenda Archange kwa jinsi alivyosikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali la maana, na waliposhuka Burungu alikuwa ameshaamua moyoni kwamba mume ni huyu. Archange naye akachagua programu ya Astrid, yenye herufi nene na vitufe vipana, na ya binamu ikarudishwa Kampala kwa shukrani. Akaanza hata kumsindikiza sokoni anapowajaribu watu. Mara moja alimnong'oneza mteja jibu, na Astrid akamkanyaga mguu. Tangu hapo alijifunza kukaa kimya, mikono imekunjwa, na Astrid alimsifu kwa hilo mbele ya watu.

Kwa kina Archange mahari ni mbuzi, na kabla mbuzi hawajatoka, wamama wa ukoo humkalisha binti mbele yao wakamuuliza wanalotaka. Mama Emérita, mama yake Archange, alimwita Astrid katika chumba cha nyuma ya duka lake la misumari na mabati. Alikuwa mwanamke mnene, miwani imening'inia kifuani, na sauti yake haikuhitaji kupandishwa ili isikike. Mashangazi watatu walikaa kandokando yake, na Archange kwenye kigoda. Astrid alivaa kikwembe cha bluu na kilemba chake, akala bugali kwa adabu, akangoja.

"Binti, unajua kupika?"

"Najua, Mama. Lakini si sana."

"Na hii kazi ya kuchora vitufe, iko kazi ya muntu muzima?"

"Mama, koli za duka yako zinafika sababu ya ile kazi."

Shangazi mmoja akakohoa. Mwingine akapanguza mdomo usiokuwa na kitu.

"Ukizaa," Mama Emérita akaendelea taratibu, "utaiacha?"

"Sitaiacha, Mama."

Astrid akamtafuta Archange kwa macho. Alikuwa kwenye kigoda chake, mikono imekunjwa, mdomo umefungwa. Mama Emérita akamgeukia mwanawe.

"Archange, umesikia muntu wako anavyosema?"

Archange akainamisha kichwa. Hakusema neno. Kwa aibu Astrid akamaliza chakula chake, akawaaga wamama mmoja mmoja, akatoka. Alikuwa hajafika barabara ya lami, simu ikalia.

"Astrid, umefanya vizuri sana. Hata mi..."

"Mama yako amekuuliza weye. Hakuniuliza mimi. Na weye umefunga mudomo."

"Nimenyamaza kwa ajili yako."

"Basi endelea," akasema, akakata.

Kesho yake Archange alikwenda Omate, ndani kabisa Walikale, kufungua depo mpya ya kupokea koli za wachimbaji. Huko rezo ya simu ilipatikana juu ya kilima tu. Alikipanda kilima hicho, akapiga. Astrid aliliona jina lake kwenye kioo, akaliacha lilie. Akaandika ujumbe, Astrid hakuufungua. Mchana alifanya kazi kwa bidii kupita kiasi, akakosoa michoro ya kila mtu Goma, na jioni alilia kwa hasira, maana alikuwa bado anampenda na hilo lilimkera.

Simu aliyoipokea mwishowe ilikuwa ya mdogo wake, Nicole, mwenye saluni Sake, ambaye humwita Yaya, dada mkubwa. Hakuna jambo la Sake lisilopita kwenye saluni.

"Yaya, uko umekaa?"

"Sema."

"Mama Emérita ameshanunua mbuzi. Ziko zimefungwa nyuma ya depo. Zinaenda Butembo, kwa binti mwingine. Anasema Archange alinyamaza mbele ya wamama, na mutoto mwanaume akinyamaza, amekubali maneno yao. Wiki ijayo zinapanda gari."

Astrid akakaa, sasa kweli.

"Na Archange anasema nini?"

"Archange iko kule musituni, hajui kitu. Weye ulimuuliza sababu gani alinyamaza?"

"Mi siulizaka. Naangalia."

"Yaya, ile ni ya simu. Huyu ni bwana."

Maneno hayo yalimwingia. Siku zote hizo alikuwa anamtazama Archange akihangaika kilimani, akipiga, akiandika, na yeye amekunja mikono akingoja aone kama ataipata njia mwenyewe. Alijiona mjinga, na ujinga ulikuwa kitu ambacho Astrid hakuwa na uvumilivu nacho, hasa kikiwa chake. Akapiga moyo konde. Hakuwa tayari kumpoteza mume kwa sababu ya mbuzi waliofungwa nyuma ya depo.

Alipanda ndege ndogo ya mizigo mpaka Walikale, kisha pikipiki, na palipomshinda dereva akashuka, akakunja kikwembe, akatembea. Alifika Omate mchana, matope yamempanda mpaka magotini, kilemba kimelegea. Depo ilikuwa ya mbao na mabati. Wachimbaji wenye nguo za rangi ya udongo walikuwa wamepanga mstari, na Archange alikuwa anampa mama mmoja mfuko wa nguo uliotoka Masisi. Alipoinua macho, mfuko ukamponyoka.

"Astrid."

"Nimekuja kuuliza," akasema, hakungoja hata kukaa. "Juu ya nini ulinyamaza?"

Watu kwenye mstari wakageuka wote. Archange akafuta mikono kwenye suruali.

"Juu weye njo ulinifundisha. Ukimusaidia muntu, haujui tena kama angeweza. Nilitaka wamama bakuone weye mwenyewe. Kama ningesema neno, bangesema Archange njo amemuokoa. Na haukuhitaji kuokolewa. Ulijibu kila kitu. Nilikuwa na furaha mpaka niliinamisha kichwa, basione nacheka."

Astrid alifungua mdomo, akacheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko.

"Archange, mi siko application. Ile ikishindwa, naipeleka nyumbani naitengeneza. Mi nikiaibishwa mbele ya mashangazi, nani ananishika mukono?"

"Mimi. Ilikuwa mimi. Nilikosea."

"Na mi nilikosea. Ulikuwa unapiga, nikakuangalia tu, nione kama utapata njia."

"Sikuipata," Archange akasema. "Hakukuwa neno chini ya alama."

Alimkumbatia na matope yake yote, na mama mwenye mfuko akaokota nguo zake mwenyewe huku akitabasamu. Lakini Astrid hakumwacha afurahi sana. Alimweleza habari za mbuzi. Uso wa Archange ukabadilika.

"Butembo? Kwa nani?"

"Sijui. Mama yako anajua. Kwake, kimya chako njo jibu."

Archange hakuuliza la pili. Alimwachia kijana wa zamu ufunguo, akamshika Astrid mkono, wakapanda kilima kwa njia iliyokuwa inateleza, manyunyu yakiwapiga usoni. Juu kulikuwa na wachimbaji waliokuja kutafuta rezo, kila mmoja ameinua simu yake. Archange akapiga, akaweka sauti ya nje ili Astrid asikie kila kitu. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumpinga mama yake.

"Mama, shikamoo. Zile mbuzi."

"Marahaba, baba. Zinakula vizuri. Zinangoja gari ya Butembo."

"Mama, mi sikukubali. Nilinyamaza juu nilitaka mumuone Astrid bila mimi kumutetea. Ilikuwa kosa. Sasa nasema na mudomo yangu: bibi yangu ni Astrid. Kazi yake hataacha, na mi simuombi aache. Mbuzi zipande Masisi, kwa baba yake."

Wachimbaji walishusha simu zao. Kutoka upande wa pili zilisikika honi za Sake na mtu akibishana bei ya mabati. Mama Emérita hakukata.

"Na yeye anasema nini?"

Archange alitaka kujibu, akajizuia, akamnyooshea Astrid simu. Astrid hakuipokea. Alishika mkono wenye simu, akaubana ndani ya mikono yake miwili, akausogeza karibu na mdomo.

"Nakubali, Mama. Nakubali mutoto wako na nakubali nyumba yako. Kazi sitaacha."

Kule Sake ubishi wa bei ya mabati ukaendelea.

"Ile njia ya Masisi," Mama Emérita akasema mwishowe, "iko na matope?"

"Iko nayo, Mama. Sana."

"Basi mbuzi hazitatembea. Nitatafuta lori."